Kifungo changu kiliisha 2013: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya polisi, sheria na ajira

Kwenu: Waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani ya nchi, Waziri mwenye dhamana ya katiba na sheria, Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, Tume ya Kurekebisha Sheria.

Nakala: waajiri wote wa Dodoma, wa magorofani na wa vibandani.

Waheshimiwa,

Mbukwenyi. Nimeanza na salamu ya Kigogo kwa sababu barua hii haijatoka mbali. Ofisi zenu zote ziko humu humu Dodoma, nami naishi Nzuguni, chumba na sebule, na mke na watoto wawili. Si ajabu mkawa mnaisoma ndani ya jengo ambalo mifuko yake ya saruji niliipokea mimi getini, nikaihesabu mmoja mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikwenda kuchukuliwa alama za vidole ili nipate ile karatasi ya polisi ambayo sote tunaiita cheti cha tabia njema. Askari aliyenihudumia alikuwa dada mmoja mpole. Alinipaka wino, akashika kidole gumba changu cha kulia, akakiviringisha kwenye fomu, akakitazama. Akarudia. Akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati. Fomu ikawa na madoa meusi matupu, kama mtu aliyegusa sufuria. Akaniuliza, "Kaka, unafanya kazi gani?" Nikamwambia saiti. "Ndiyo maana. Vidole vyako vimelika. Saruji hiyo." Akaniambia nikae wiki nzima bila kugusa saruji, nipake mafuta kila usiku, kisha nirudi.

Nilirudi na vidole laini kama vya karani. Safari hii mistari ikaonekana vizuri. Ilipoonekana mistari, likaonekana na la 2012.

Niseme mapema la 2012 ni lipi, maana sipendi barua inayozunguka. Niliiba. Nilikuwa na miaka 23, kijana wa ghala la mazao pale Kibaigwa, kwenye lile soko kubwa la nafaka la wilaya ya Kongwa. Nilitoa magunia 9 ya alizeti kwa siku tatu, nikamuuzia mfanyabiashara wa kupita, fedha nikazimaliza kwa mambo ambayo hata kuyataja naona haya. Sikuwa na mama mgonjwa wala mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada. Nilikuwa mjinga tu, na ufunguo ulikuwa mfukoni. Kosa langu linaitwa wizi wa mtumishi, kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu. Nilikiri siku ya kwanza. Hakimu akanipa miaka 2. Mtaani husema fulani kala mvua mbili, na kwa mkoa wetu ambao mvua ni ya kuombewa, wenzangu walinitania kwamba mimi peke yangu nimepata za misimu miwili kwa mpigo.

Kwa tabia nzuri nikapunguziwa theluthi moja, kama sheria ya magereza inavyoruhusu, nikatumikia miezi 16. Niliingia Juni 2012, nikatoka Oktoba 2013. Na hapa kuna jambo ambalo huwa najichekea nalo peke yangu. Kule ndani, gereza lina shamba, na wakati wa mavuno afande alitafuta mfungwa anayejua kuandika leja. Wakanichukua mimi, mwizi wa magunia, nikahesabu magunia ya mahindi ya Serikali nikiwa na sare ya mfungwa. Halikupotea hata moja. Serikali iliniamini nikiwa mfungwa.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayoruhusu mtu wa kifungo kisichozidi miaka 3 atumikie adhabu yake akiwa nyumbani, afagie zahanati, alime bustani ya shule. Siku ile mahakamani hakuna aliyelitaja hilo, nami sikujua la kuuliza. Simlaumu mtu. Nimelitaja kwa sababu kipimo hicho cha miaka 3 nitakirudia huko mbele.

Nilipotoka sikurudi Kibaigwa, nilikuja mjini. Nikachimba misingi Kizota, nikafyatua tofali Nkuhungu, nikabeba kokoto pale walipohitajika wabeba kokoto. Kisha 2016 Serikali ikatangaza inahamia Dodoma, na 2018 mji ukawa jiji, na sisi vibarua tukapata kazi kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Mtumba ilikuwa pori la miiba. Leo ndiyo Mji wa Serikali. Barabara ya mzunguko wa nje ina kilomita 112.3, na kuna vipande vyake naweza kuwaonyesha nilikolala. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza cheti cha tabia njema. Kibarua haulizwi. Unafika saa 12 asubuhi, foremani anakutazama mabega, anakwambia shika sepetu. Sepetu haina fomu.

Taratibu nikatoka kwenye sepetu. Foremani mmoja aliona naandika namba bila kukosea, akanitia stoo kusaidia. Msaidizi akawa ndiye mwenyewe. Miaka 3 nilishika funguo za stoo ya saiti moja kubwa: nondo za milimita 16, mabati, saruji, nyaya za umeme ambazo mtu akiondoka na rola moja begani amepata mshahara wa mwezi. Nilikuwa nalipwa kwa siku, Sh 15,000, Jumapili hakuna. Hesabu ya stoo ikikaguliwa kila Ijumaa, na kila Ijumaa tukalala usingizi.

Ndipo kampuni ikaamua watunza stoo wote wawe na mkataba. Nilifurahi kama mtoto. Mkataba ni NSSF, ambako mnachangia wewe na mwajiri, ni kuingia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nondo ikikuangukia mguuni usiishie kuchangiwa na wenzako kwa kofia, ni likizo, ni karatasi ambayo benki wakiiona wanakukaribisha kiti. Wakataka kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili, na cheti cha tabia njema. Vitatu vya kwanza nilivipeleka siku ile ile. Cha nne ndicho hicho cha vidole.

Majibu yalipotoka, dada wa ofisi ya utumishi aliniita. Hakuwa na ukali wowote. "Kaka yangu, mimi binafsi sina tatizo na wewe, ila utaratibu haukubali. Lakini unaweza kuendelea kama kibarua."

Naomba hapo msimame kidogo, Waheshimiwa, maana kwangu hapo ndipo lilipo suala lote. Sikuondolewa stoo. Funguo nilibaki nazo siku 19 zaidi, mpaka alipokuja kijana mwenye cheti safi, nikamfundisha kazi. Zile nondo zilizodhaniwa haziko salama kwangu zilikaa kwangu siku hizo 19 kama zilivyokaa miaka 3. Kilichobadilika ni kwamba nilikosa mkataba. Basi hicho cheti kilimlinda nani na kitu gani? Mali haikuondolewa mikononi mwa mtu aliyewahi kufungwa. Kilichoondolewa ni michango yake ya uzeeni na fidia yake akivunjika mguu. Na si kwangu tu. Zungukeni saiti za jiji hili, gereji, mashine za kukamua alizeti, mashamba ya zabibu kule Hombolo: watu wenye kumbukumbu za zamani wapo, wanafanya kazi, wanagusa mali za watu kila siku. Wamesukumwa tu upande ambao hauna karatasi.

Na lile la siri? Haikupita wiki, mama ntilie anayetupikia ugali na mlenda pale nje ya geti akaniuliza kwa huruma kama ni kweli niliwahi kuua. Kuua! Karatasi yangu iliachwa juu ya meza, dereva akaisoma, akamwambia fundi, fundi akaongeza chumvi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ambayo imeanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za makosa ya mtu kuwa ni taarifa nyeti, daraja moja na vinasaba na miamala yake ya fedha. Taarifa nyeti yangu ilijadiliwa juu ya sahani ya maharage.

Sasa nigeukie upande wa mwajiri, nisionekane najipigia debe. Mwenye mali ana haki ya kuogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi mwenyewe niliwahi kuwa nyoka wa mtu. Tena kosa langu na kazi niliyoomba vinafanana: niliiba ghalani, naomba stoo. Dada wa utumishi angeniambia, "Tumelitazama kosa lako, tumetazama miaka iliyopita, tumeongea na foremani wako, bado tunasita," ningeinamisha kichwa nikaondoka. Mtu amepima, amekataa. Ila hakuna aliyepima. Ilisomwa mstari mmoja, faili likafungwa. Mstari huo hausemi magunia 9 wala 900. Hausemi alikuwa kijana wala kwamba alikiri. Hausemi kwamba tangu 2013 hajaonekana tena kituo cha polisi, isipokuwa siku alipokwenda kwa miguu yake mwenyewe kuomba cheti.

Nina jirani, mama wa makamo, ambaye kesi yake ni ya pombe ya moshi. Alikamatwa na madumu mawili ya gongo kabla hata ya mimi kufungwa, akatozwa faini, akalipa, yakaisha. Alidhani yameisha. Mwaka jana aliomba usafi wa ofisi, kufagia na kupiga deki, nako wakataka cheti. Hakwenda hata kupiga vidole. Alisema, "Mwanangu, nikajianike?" Sasa anauza ubuyu na karanga stendi ya Nanenane, na mgambo wakipita anakimbia na beseni. Yeye hayumo kwenye hesabu ya yeyote ya watu walionyimwa kazi, maana alijinyima mwenyewe kabla hajanyimwa.

Wasaidizi wa kisheria walipofika mtaani kwetu niliwaomba wanionyeshe kifungu kinachosema rekodi ya kifungo cha miaka 2 inakoma lini. Walifungua vitabu, wakafungua na simu. Wakaishia kuniambia niandike barua kwa wahusika. Ndiyo hii.

Nimesoma Katiba yenyewe, ile ya 1977, kwa Kiswahili chake. Ibara ya 22 inaanza kwa maneno mepesi: "Kila mtu anayo haki ya kufanya kazi." Ibara ya 25 inaiita kazi kipimo cha utu. Kisha nikafika Ibara ya 67, inayohusu nani hafai kugombea ubunge, nikakuta humo kipindi cha miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu kimetajwa kwa mtu aliyetiwa hatiani na kufungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu. Niliisoma mara tatu. Sina hamu ya ubunge, msiogope. Nilichokiona ni kwamba waliotunga Katiba, walipofikia mtu wa kutunga sheria za nchi na kupitisha bajeti ya matrilioni, waliona inafaa kuhesabu miaka. Nami naomba nihesabiwe miaka kwa ajili ya stoo ya nondo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini na inataja sababu zake kwa majina: rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU, umri, na nyinginezo. Kosa la zamani lililokwisha kutumikiwa halimo. Nalo hilo sidai liingizwe hivi hivi bila mipaka, maana kuna kazi na kazi. Aliyemdhuru mtoto asipewe kengele ya shule hata zipite mvua 40. Jeshi na polisi wakisema hawataki mtu mwenye kumbukumbu ya uhalifu, ni haki yao, wanashika silaha. Mahakama nayo inajua yake. Mimi nazungumzia mlinzi wa usiku wa duka la vifaa, mhudumu wa nyumba ya wageni, dereva wa kirikuu, mpishi, mtunza stoo, mfagiaji.

Ninachoomba ni rekodi iwe na umri. Nashauri tuanze na kile kipimo cha miaka 3 ambacho sheria ya huduma kwa jamii tayari inakijua: mtu aliyefungwa kifungo kisichozidi hapo, akishamaliza na kukaa miaka 5 bila kosa jipya, cheti chake kwa kazi za kawaida kiandikwe safi. Waliotozwa faini, kama jirani yangu, wasubiri muda mfupi zaidi. Waliofungwa miaka mingi wasubiri zaidi, na makosa mazito mno yabaki yalipo. Polisi waendelee kuitunza rekodi yao ndani, siombi ichomwe moto. Mtu akirudi mahakamani kwa kosa jingine hakimu aione. Ninachosema ni kwamba si lazima dereva wa kampuni naye aione. Hili si jambo la kubuni. Mwingereza, ambaye Kanuni yetu ya Adhabu ya 1945 ni mkono wake, alijitungia kwake mwaka 1974 sheria inayosema hukumu ndogo zikishapita muda zinahesabiwa zimekwisha, na mtu halazimiki kuzitaja anapoomba kazi ya kawaida. Alituachia sheria ya adhabu, ile ya kuimaliza adhabu akaitunga baadaye kwao. Sioni kwa nini sisi tubaki na nusu yake.

Pili, fomu ya kuombea cheti iulize unakipeleka kwenye kazi gani, na majibu yaendane na kazi hiyo. Dereva, watazame makosa ya barabarani na ulevi. Mshika fedha, watazame wizi na kughushi. Leo mtu aliyepigana kilabuni mwaka 2006 akiomba kazi ya kumwagilia bustani anajibiwa kwa mstari ule ule wa jambazi.

Na mwajiri asiombe cheti mlangoni. Amsaili mtu kwanza, ampende au amchukie kwa kazi yake, halafu ndipo aulize. Akikuta jambo, amwite amweleze, ampe walau siku chache za kujieleza. Mimi ningekuwa na la kujieleza. Nitalisema sasa, kwa kuwa kule halikupata nafasi.

Mwaka 2015 nilirudi Kibaigwa. Nilikwenda kwa yule mzee niliyemwibia. Nilipiga hodi nikiwa na gunia moja la alizeti nililonunua kwa fedha za tofali, miguu inatetemeka kuliko siku ya hukumu. Alinitazama muda mrefu, akaniambia, "Ingia, umekuja na jua." Tukanywa chai. Hakuna kubwa lililosemwa, kwa kweli. Alinipa habari za bei za mwaka ule, akalalamikia panya. Mavuno yaliyofuata nikapeleka mawili, na kuendelea, mpaka yakatimia 9. La mwisho alilipokea, akalipima kwenye mizani mbele yangu (mzee wa biashara ni mzee wa biashara), akaniandikia risiti. Ninayo.

Kampuni ilipotaka wadhamini wawili, wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Wa pili alikuwa yeye. Aliyeibiwa ndiye aliyemdhamini mwizi wake. Kwenye fomu kuna sehemu inayouliza mdhamini anamfahamuje mwombaji, mstari mmoja mfupi, naye aliandika kwa herufi kubwa: ALIWAHI KUWA KIJANA WANGU WA GHALA. Hakuna aliyempigia simu. Ningekuwa mimi ndiye wa utumishi, huyo ndiye ningempigia wa kwanza.

Mtaniambia mlango wa huruma upo, Rais ana msamaha kwa Ibara ya 45. Ni kweli, na mimi nauheshimu. Desemba 9, 2017, sherehe za Uhuru zilifanyika hapa hapa, Uwanja wa Jamhuri, na Hayati Rais Magufuli akatangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, na 1,828 kati yao watoke siku hiyo hiyo. Uwanja mzima ulipiga kelele. Nami nilikuwa jukwaa la jua, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha nikawaza: leo ni Jumamosi, hawa wanatoka, wanapokewa kwa vigelegele, Jumatatu wanakwenda kuomba kazi wapi? Msamaha unafungua geti la gereza. Ofisi ya utumishi ina geti lake.

Jingine ni la vishoka. Habari yangu ilipovuja, alinifuata kijana mmoja akidai anao mtu wa "kusafisha" majina, nitoe laki mbili tu. Sikutoa. Nimeshalipia kosa moja kwa miezi 16 na magunia 9, sitanunua la pili. Lakini mjue biashara hiyo ina wateja, na wanaoinunua hawatafuti nafasi ya kuiba tena. Wanatafuta NSSF.

Kwenu waajiri, mliopewa nakala, sina sheria ya kuwashika nayo. Kosa moja haliachi mke, wazee walisema, na ndoa ni kitu kikubwa kuliko stoo. Mkiona mstari kwenye cheti, soma na mwaka wake. Hesabuni kwa vidole, mlivyofundishwa darasa la kwanza. Kisha mwite huyo mtu mmuulize amekuwa wapi tangu hapo. Wengi tulikuwa saiti zenu.

Mimi sasa nafanya kibarua saiti nyingine, upande wa Ihumwa. Nimerudi kwenye zege, na vidole vinaanza kulika tena. Iwapo Tume au kamati yoyote ya Bunge itataka kusikia jambo hili kwa mdomo, nitakuja, siku yoyote isiyokuwa ya kumwaga slabu. Mzee wa Kibaigwa naye amekubali kuja. Ana miaka zaidi ya 70, bodaboda hapandi, na basi la alfajiri hawezi kwa sababu ya goti, kwa hiyo naomba nipewe taarifa siku mbili tatu kabla ili nimtafutie usafiri. Risiti nitakuja nayo.

Wenu katika kazi,

Kibarua, aliyewahi kuwa mtunza stoo
Nzuguni, Dodoma